Swali la Saba

Foleni ya kliniki ya macho asubuhi ile ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikapinda kwenye ngazi na kuishia karibu na choo. Watu wenye macho mabovu walikuwa wakigombania namba ambazo wenyewe hawakuweza kuzisoma. Katikati yao, kwenye benchi la mbao, alikaa msichana wa miaka ishirini na saba, gauni la bluu lenye kola nyeupe, viatu vya chini, kucha fupi zisizopakwa rangi. Kucha zilikuwa hivyo kwa ajili ya kazi. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, na hakutaka watu waangalie kucha badala ya maneno.

Ubavuni mwake alikaa shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, kiziwi tangu kuzaliwa. Jicho la kushoto la Shangazi lilikufa zamani. La kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na ndilo lililowaleta. Kwa mtu anayesikia, jicho ni jicho. Kwa Shangazi, jicho lile lilikuwa sikio, simu, redio na umbea wote wa mtaa. Likizimika, atabaki peke yake ndani ya kichwa chake. Msichana alilijua hilo tangu mwaka jana na lilimnyima raha hata mezani.

Aliyewaita ndani alikuwa mpima macho, kijana mrefu mwenye soksi za njano na koti jeupe lililokosa kifungo kimoja. Jambo la kwanza alilofanya lilimshangaza msichana: alimtazama Shangazi mwenyewe, akazungumza naye. Watu wengi humgeukia mkalimani na kusema mwambie hivi, mwambie vile, kana kwamba mgonjwa ni mzigo ulioletwa huku mwenyewe hayupo.

"Mama, samahani kwa foleni," alisema. "Yule kipofu wa Yeriko alipiga kelele njiani, akahudumiwa siku hiyo hiyo. Nyinyi mmekaa kimya tangu saa moja. Kosa ni la nani?"

Mikono ya msichana ikapanda na kushuka. Shangazi alicheka mpaka mabega yakatikisika, akajibu kwa mikono yake, na msichana akatoa sauti: "Mimi ni kiziwi, mwanangu. Sikujua kama wenzangu wamenyamaza."

Mpima Macho akachanganyikiwa. "Kumbe na wewe ni kiziwi?"

"Aliyesema ni yeye. Akisema 'mimi', nami nasema 'mimi'. Ndiyo kazi yetu."

"Na ukikutana na neno usilolipenda?"

"Nalisema. Mkalimani hana la kwake."

"Kwa hiyo nikimwambia mama huyu kwamba binti yake ana mikono mizuri kuliko herufi zote za pale ukutani, utatafsiri?"

Shangazi alishamgeukia msichana, anasubiri. Ilibidi atafsiri, na alitafsiri huku masikio yakiwaka moto. Shangazi alimkazia yule kijana jicho lake moja kwa muda mrefu, kisha akajibu.

"Anasema," alianza msichana, halafu akajirekebisha. "Nasema, pima jicho kwanza. Mikono baadaye."

Basi mikono ikaja baadaye kweli, kwa simu, kila saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya kazi. Msichana alikuwa akikaa kwenye ngazi za shule ya viziwi alikofundisha, mwenzake nyuma ya kliniki.

"Mikono, umekula?"

"Nimekula, Daktari."

"Mimi si daktari. Mimi nawasomesha watu wazima herufi."

"Basi mwalimu wa chekechea."

"Mwalimu wa chekechea anakupenda. Tafsiri hiyo."

"Nimtafsirie nani? Niko peke yangu."

"Jitafsirie mwenyewe, halafu uniambie umejibuje."

Kanisa la kina Mkalimani lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, viti vya plastiki, na safu ya mbele kushoto ya viziwi tisa ambao yeye aliwatafsiria kila ibada. Mpima Macho akahamia huko, na haikupita miezi miwili akakabidhiwa Jumamosi ya vijana. Huyu bwana alikuwa anaisoma Biblia kama mtu anayesoma barua za ndugu zake wa damu, kwa upendo na bila kuwaogopa. Alisimulia jinsi mke wa Nuhu alivyouliza nani atasafisha chini ya tembo. Alisema mtume Paulo alihubiri mpaka kijana mmoja akasinzia dirishani na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu, na kwamba mchungaji wao, kwa hekima, alikodi ya pili tu. Mchungaji mwenyewe alikuwepo na alicheka kuliko wote. Vijana walikuwa kumi na watano. Baada ya muda viti havikutosha. Hata Mama, mama yake Mkalimani, kiongozi wa waombaji, mwanamke aliyewahi kulikemea jenereta mpaka likawaka, alionekana akicheka nyuma ya daftari lake la maombi.

Sasa, kanisani kwao watu hawachumbiani kienyeji. Kuna kamati ya ndoa, kamati ina fomu, na fomu ina maswali tisa. Fomu hupokelewa mara mbili kwa mwaka, kila mara kwa Jumapili moja tu, na ikishafungwa bahasha imefungwa. Swali la saba linasema: Bwana alikuthibitishiaje kwamba huyu ndiye? Eleza kwa ufupi. Chini yake kuna mistari minane.

"Mistari minane ndiyo ufupi?" Mpima Macho aliuliza walipokaa na ile fomu kwenye benchi la nyuma ya kliniki. Alikuwa anacheka. Mwenzake hakucheka, na ndipo alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

Miaka mitatu nyuma, mpiga kinanda wa kanisa alimfuata baada ya ibada akamwambia Bwana amemwonyesha kwamba yeye ndiye mkewe. Hakumpenda. Alikubali kwa sababu aliogopa kumkatalia Mungu. Pete ikavishwa, gauni likashonwa, lenye vifungo ishirini na vinne mgongoni alivyovishona Mama kwa mkono wake. Wiki tatu kabla ya harusi, Mpiga Kinanda akarudi na ono la pili, na safari hii Bwana alikuwa amemwonyesha mwimbaji wa sauti ya kwanza. Kanisani ikatangazwa kwamba msichana na Mpiga Kinanda wameona vyema kuendelea kumngoja Bwana. Ukweli walibaki nao yeye, Mama na Mpiga Kinanda, na kila Jumapili alisimama hatua sita kutoka kwenye kile kinanda, anatafsiri.

"Nilimwuliza kitu kimoja tu," alisema. "Kama Bwana alimwonyesha pia mtu wa kulivaa gauni langu."

Mpima Macho alijizuia, akashindwa, akacheka. Naye msichana akacheka, mara ya kwanza kwa jambo lile tangu litokee, akacheka mpaka machozi. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwa kuwa amecheka, kijana alidhani kidonda kimefunga. Wachekeshaji wana ugonjwa huo, nami sitamtetea.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa. Mpima Macho alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akaanza kisa cha kuta za Yeriko. Alimtunga mpiga tarumbeta mmoja ambaye, siku ya kwanza ya kuzunguka mji, alimwambia binti wa mstari wa nyuma kwamba Bwana amemwonyesha. Siku ya tatu gauni limeshashonwa. Mkalimani alikuwa upande wa kushoto, uso kwa uso na viziwi wake, mikono ikienda kama kawaida, kwa sababu mikono ya mkalimani hutangulia akili. Ilipofika kwenye vifungo ishirini na vinne, akili ikaifikia.

Angeweza kushusha mikono. Nyuso tisa zilikuwa zinangoja mwisho wa kisa, na hakuna hata mmoja aliyemkosea. Akaendelea. Mpiga tarumbeta akapata ono la pili siku ya sita, na binti akamwuliza kama Bwana amemwonyesha pia mtu wa kulivaa gauni lake. Maneno yale yale, ya kwake, akayasema kwa mikono yake mbele ya watu. Na kuta, alimalizia Mpima Macho, zilianguka siku ya saba kwa aibu.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mpiga Kinanda aliinamia kinanda chake kana kwamba amedondosha kitu, na mkewe, yule mwimbaji wa sauti ya kwanza, akageuka kumtazama. Kina mama walioliona gauni lile siku ya kulipima wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakamgeukia Mama. Shangazi, pamoja na ukungu wake, aliona jambo ambalo wenye macho mazima hawakuliona: mikono ya binti yake ilikuwa inatetemeka.

Mpima Macho alishuka jukwaani anang'aa. "Umeonaje?" alimwuliza.

"Umenifanya nijicheke mwenyewe, kwa mikono yangu," alisema msichana. Alichukua mkoba wake, fomu ikiwa ndani, akashuka ngazi.

Kufika Jumatatu kwaya nzima ilikuwa imeshaunganisha mambo. Mama hakutoka chumbani siku mbili. Alipotoka alisema hatampokea nyumbani mwanaume asiyejua kufunga mdomo, na kwamba bahasha ya kamati inafungwa Jumapili ijayo, kwa hiyo mambo yamejiamua yenyewe. Msichana hakubisha. Alipanga sahani kabatini, akazipangua, akazipanga tena.

Simu iliita Jumatatu, ikaita Jumanne. Akiiona inaita anaigeuza kifudifudi. Ikinyamaza, anaigeuza tena kuiangalia. Jumanne mchana, kwenye ngazi za shule, aliipokea.

"Mikono."

"Usiniite hivyo."

"Sikutaja jina."

"Ulitaja vifungo."

"Nilidhani ukicheka maana yake imekwisha."

"Nilicheka kwa sababu nilikuwa na wewe. Sikuwa na ukumbi mzima."

"Niambie nifanye nini."

"Sijui. Swali kama hilo ungeniuliza kabla."

Akakata. Halafu akaikalia simu, kabisa, kwenye ngazi, asije akapiga mwenyewe.

Alhamisi Shangazi alifanyiwa upasuaji wa lile jicho. Daktari alisema yatakwenda vizuri, ila kwa jicho la pekee hakuna anayeapa. Bandeji itakaa mpaka kesho yake, na muda huo Shangazi hataona wala hatasikia. Walikubaliana kabla: msichana atamwandikia herufi kwa kidole kiganjani. Alikaa naye tangu asubuhi, akiandika niko hapa, niko hapa, na kila alipoondoa mkono Shangazi aliutafuta hewani kama mtu anayezama. Msichana alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayafai kwenye daftari la mtu yeyote.

Saa nane alikwenda dirisha la dawa. Aliporudi, alisikia kicheko. Ni cha Shangazi, kile kicheko chake kisichojua sauti yake, kinatoka chini ya bandeji. Mpima Macho alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, kiganja cha yule mzee mkononi mwake, anaandika polepole. Msichana alisimama mlangoni akasoma mwendo wa kidole: Yona siku tatu. Wewe moja tu.

Shangazi akainua mikono yake mwenyewe, akajibu hewani kwamba Yona angalau alikuwa na samaki wa kula. Na Mpima Macho, ambaye msichana hakuwahi kujua anajua hata alama moja, alielewa, akacheka. Alikuwa amejifunza kwa Shangazi kila mzee alipokuja kuwekewa dawa ya macho, tangu mwezi wa kwanza wa kujuana kwao. Walipanga kumshtua siku ya harusi.

Hasira ya msichana haikuisha, lakini ilikosa pa kukaa. Kijana alipomwona akasimama, akaanza kuomba radhi pale pale. Msichana akamkatisha.

"Aibu ulinipa mbele ya watu. Usije ukaniomba msamaha pembeni."

"Nikisema mbele ya watu nitakutaja tena."

"Usiseme chochote kinachonihusu."

"Nitaombaje sasa?"

"Hiyo ni kazi yako," alisema, akakaa kitandani, akachukua kiganja cha Shangazi.

Ijumaa bandeji ilitolewa. Shangazi aliona mwanga na vivuli, hakuona zaidi. Daktari alisema wangoje siku chache. Ukimwambia mwenye wasiwasi angoje siku chache umemwongezea tu kazi. Jumamosi nzima msichana alipungia mikono mbele ya miwani myeusi ya Shangazi, na Shangazi alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayeitikia salamu asiyoisikia.

Jumapili ilifika. Mkalimani alivaa gauni lake la bluu. Fomu ilikuwa mkobani, haina sahihi yake. Katibu wa kamati ya ndoa alikaa mlangoni na bahasha kubwa magotini. Ulipofika wakati wa shuhuda, watu wawili walishuhudia kupona, mmoja akashuhudia kupata kazi, huku Mpiga Kinanda akipiga taratibu chini ya maneno yao kama ilivyo desturi. Kisha Mpima Macho akapanda. Mchungaji alimpa kipaza sauti. Alikipokea, akamshukuru, akakirudisha. Akageukia safu ya viziwi, akainua mikono.

Ilikuwa kanuni ya kanisa: anayeshuhudia kwa mikono, Mkalimani humtolea sauti. Mchungaji akamletea yeye kile kipaza sauti. Hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Mikono ya Mpima Macho ilikwenda polepole, kama ya mtoto anayejifunza kuandika.

"Naomba ruhusa," alisema Mkalimani kwenye kipaza sauti.

"Ruhusa umepewa, ndugu," Mchungaji akajibu kwa moyo mweupe, na watu wakacheka.

Mpima Macho hakusogea. Alikuwa anamtazama msichana. Akarudia, akaongeza.

"Naomba ruhusa," Mkalimani akasema tena, na sauti ikapungua. "Ukisema hapana, nashuka."

Sasa watu walielewa kwamba anayeombwa si Mchungaji. Mpiga Kinanda aliondoa vidole kwenye kinanda, na ukumbi ukawa kimya hata mashine ya upepo ya duka la matairi ikasikika kutoka chini. Mama alikuwa amefumba macho na hakuwa anaomba. Kwa muda kijana alibaki pale, mikono imening'inia, tayari kushuka. Msichana akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana.

"Esau alikuwa na njaa," Mkalimani akaanza kutoa sauti, vipande vipande, jinsi mikono ilivyokuja. "Aliuza kitu kikubwa. Alipata dengu. Mimi nilipewa kitu nikitunze. Sikuwa na njaa. Nilikiuza. Nilipata kicheko."

Kijana akakwama, alama imempotea. Kutoka safu ya mbele, Shangazi, ambaye jana yake aliona vivuli tu, aliinua mikono akamwonyesha. Naye akaiga.

"Kicheko hakishibishi. Hata dengu sikupata. Kitu kile si changu. Sitakisema tena. Naona aibu."

Kiziwi mmoja alizichekea zile dengu, na wengine wakafuata. Msichana aliona mikono ya kijana ikipanda tena, akajua kinachokuja kabla hakijafika. Viziwi tisa walikuwa wameshaona. Akiruka neno, watamjua.

"Nampenda," alisema, sauti ikakatika. Akakohoa, akaanza upya. "Nampenda mkalimani. Bwana hajanionyesha kitu. Nilikuwa napima macho, nikaona mikono. Mkalimani hana la kwake. Leo namwomba aseme lake."

Mpima Macho akashusha mikono, akangoja. Spika zilikuwa zinavuma. Watu wote walikiangalia kipaza sauti kile, ambacho kwa mara ya kwanza hakikuwa na maneno ya mtu mwingine ndani yake. Msichana akakiweka juu ya kiti. Akainua mikono yake, akajibu.

Alijibu kwa kirefu. Sehemu moja ilikuwa kali, maana kijana aliinamisha kichwa. Sehemu nyingine ilimfanya Shangazi ajifute chini ya miwani. Mwishoni viziwi tisa waliinua mikono juu, wakaipunga, ambavyo ndivyo wao hupiga makofi. Ukumbi mzima wa wenye masikio ulibaki umeduwaa, watu wakiulizana ubavuni.

"Amesema nini?" Mchungaji aliuliza. Hakukuwa na wa kumtafsiria.

Baada ya ibada, Mama alimkuta kijana kwenye ngazi. Alimtazama kutoka soksi mpaka kola. "Vifungo vilikuwa ishirini na sita, si ishirini na vinne," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilivishona mimi." Akaichukua fomu kwa binti yake, akachukua na kalamu ya katibu, akatia sahihi mahali pa mzazi.

Msichana alikaa kwenye kiti cha plastiki, fomu juu ya goti, katibu amesimama na bahasha yake, amekunja uso. Alijaza haraka swali la kwanza mpaka la sita. Kwenye la saba aliishika kalamu kwa muda, kisha akaandika kwa herufi zake ndogo: Sikuonyeshwa. Aliniuliza. Mistari iliyobaki akaiacha.

Alipokuwa anaikunja, mkono ulimzuia. Shangazi alikuwa amevua miwani myeusi. Aliichukua karatasi, akaisogeza usoni, akaisoma yote taratibu kwa jicho lake moja, kisha akaweka kidole chini kabisa na kumwonyesha binti yake kwamba amesahau tarehe.